Lecce siku mbili na mama mwenye goti bovu, zinatosha?

BintiTereza:
Habarini wanajukwaa. Septemba mama anakuja kunitembelea Roma, ana wiki moja tu. Kwenye kalenda ya parokia ameona picha ya kanisa la Lecce, mji wa kusini kabisa mwa Italia, lile lenye wanyama ukutani, na sasa hasikii la mtu. Nimemtajia Firenze, nimemtajia Venezia, wapi. Ana miaka 67 na goti la kulia linamsumbua, ngazi ni mateso. Siku mbili zinatosha? Na je, ukishaona kanisa moja la Baroko, ule mtindo wa zamani wa mapambo mengi, si umeyaona yote? (Hili la mwisho msije mkamwambia nimeuliza.)

MpishiMstaafu:
Binti, mama yako ana jicho. Mimi niliosha sufuria miaka minne kwenye mgahawa mmoja nyuma ya Santa Croce, ndilo hilo kanisa la wanyama, baadaye nikapewa jiko, kwa hiyo kanisa hilo nimepita mbele yake nikiwa na usingizi, nikiwa na njaa, na siku nyingine nikiwa na mfuko wa vitunguu begani. Bado kila mara nilikuwa naona mdudu mpya ukutani.

Goti lisikutishe. Mji wa zamani ni tambarare, na kutoka stesheni hadi Duomo, yaani kanisa kuu, ni mwendo wa robo saa kwa mtu mzima wa afya, kwa mama weka nusu saa. Viatu tu, avae vyenye soli inayoshika, maana mvua ikinyesha yale mawe ya njiani yanateleza kama sahani yenye mafuta. Toka Roma kuna treni za moja kwa moja, saa tano na nusu hivi, hamna haja ya kubadilisha. Treni hizo zinaishia Lecce, hata mkilala hamtapitilizwa.

Sasa swali lako la aibu. Hapana, hayafanani. Siri yote iko kwenye jiwe. Ni jiwe la chokaa la hapohapo, rangi ya asali, laini likitoka machimboni kiasi kwamba fundi analichonga karibu kama mbao, kisha hewa inaligandisha. Ndiyo maana wale mafundi hawakujua kunyamaza! Santa Croce ilianza 1549 ikaisha 1695, kwa hiyo mwangalie uso wake kutoka chini kwenda juu: chini ametulia mtu mmoja, juu kaja mwingine kapandwa na mashetani. Pale katikati kuna safu ya wanyama na watu waliojikunja wamebeba kibaraza mgongoni. Wengine wamevaa kama Waturuki, na watu wa pale watakwambia ni mateka wa Lepanto, vita vya baharini vya 1571 kati ya Wakristo na Waturuki. Mwekeni mama mbele yake jioni jua linaposhuka, umwache hata saa nzima.

Kwenye Duomo kuna ujanja. Ukiingia uwanjani unaona uso wa kanisa umepambwa kwelikweli, sanamu ya Mtakatifu Oronzo, msimamizi wa mji, juu, unapiga picha, unaridhika. Huo ni ubavu! Mlango mkuu uko upande mwingine na ni mkavu tu. Fundi Giuseppe Zimbalo alipolijenga upya kuanzia 1659 alitaka mgeni anayeingia uwanjani asalimiwe vizuri, basi akaupamba ubavu. Mjini walimwita Zingarello, yaani Mjipsi mdogo.

La muhimu kuliko yote: mchana msitoke. Kuanzia kama saa saba hadi saa kumi na moja maduka mengi yamefungwa, na makanisa mengine pia. Tembeeni asubuhi, mchana mama alale, jioni mtoke tena. Makanisa makubwa, Duomo na Santa Croce zikiwemo, mnayaingia kwa tiketi moja.

Msafiri_Mkavu:
Mpishi unampendelea mji wako. Siku moja Lecce inatosha, ya pili waende Otranto, mji wa pwani. Sakafu ya kanisa kuu kule ni mozaiki moja nzima ya miaka ya 1160, mti mkubwa umebeba dunia yote: wanyama, wafalme, Adamu na Hawa. Na bahari iko hapo hapo chini.

MpishiMstaafu:
Mozaiki sibishi, ni ajabu. Lakini kutoka Lecce kwenda Otranto kwa treni kwa kawaida unabadilisha treni stesheni ya Maglie, na ukifika unapanda mlima kwenda mji wa juu. Umelisahau goti? Na kama siku ya pili ni Jumapili aangalie ratiba kwanza, mimi niliwahi kukaa stesheni na sanduku la samaki nikisubiri treni ambayo siku hiyo haikuwepo.

Badala yake wakae Piazza Sant'Oronzo, uwanja wa katikati ya Lecce. Nusu ya uwanja wa michezo wa Warumi uko wazi pale, nusu nyingine bado iko chini ya mitaa, na unauona ukiwa umesimama juu bila kushuka ngazi hata moja. Ile nguzo ya mtakatifu ilitoka mji wa Brindisi, ilikuwa mojawapo ya mbili zilizosimama mwisho wa Via Appia, barabara ya Warumi iliyotoka Roma. Iliporomoka 1528, na baada ya tauni ya 1656 ikatolewa kwa Lecce kama shukrani kwa Oronzo, aliyeaminika kuuzuia ugonjwa. Watu wa Brindisi wamebaki na moja na kitako cha ya pili.

Jumba la Faggiano, nyumba iliyogeuzwa makumbusho, nenda peke yako mama akilala, kuna ngazi. Mwenye nyumba alichimba kutafuta bomba la choo lililoharibika, akakutana na makaburi, maghala na visima. Bomba lenyewe lilichukua miaka.

BintiTereza:
Mpishi, shikamoo. Nimemsomea mama kila kitu (isipokuwa swali langu). Anauliza wanakula nini asubuhi.

MpishiMstaafu:
Marahaba. Pasticciotto, kikeki cha kastadi chenye umbo la yai, akile kikiwa cha moto. Aagize na kahawa iliyomiminwa juu ya barafu na maziwa ya lozi. Wasiokula nguruwe waulize kwanza kuhusu *strutto*, yaani mafuta ya nguruwe, maana ganda la asili hukandwa kwa mafuta hayo.

BintiTereza:
Anauliza kama vinabebeka hadi Roma.

MpishiMstaafu:
Vinabebeka. Ila kesho yake ganda linakuwa kadibodi. Nunua sita, mmalize kabla treni haijafika Bari.