Vituo visivyo vya kawaida kati ya Dodoma na Arusha: tusimame wapi na watoto?

Mama Wawili, Dodoma

Ndugu zangu, salaam. Shule zikifungwa mwezi wa sita tunakusudia kwenda Arusha kwa gari letu dogo: mimi, mume wangu, watoto wetu wa miaka tisa na kumi na miwili, pamoja na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Kila tunaposafiri huwa tunasimama stendi tu, tunanunua soda na mahindi ya kuchoma, kisha tunaendelea, na watoto wanafika wakiwa hawana la kusimulia isipokuwa urefu wa njia. Safari hii tumekubaliana kulala njiani usiku mmoja. Mbuga za wanyama tumeziacha kwa sababu ya gharama. Tunachotafuta ni mahali ambapo watoto watajifunza jambo wasiloweza kulipata kwingine. Tupitie wapi?

Mrangi wa Kondoa

Dada yangu, piteni Kondoa. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ina lami yote na ilizinduliwa mwaka 2018, lakini inanisikitisha kuona jinsi magari mengi yanavyopita kijiji cha Kolo bila hata kupunguza mwendo. Hapo Kolo, mbele kidogo ya mji wa Kondoa ukielekea Babati, ndipo ilipo ofisi ya michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Miamba yenye michoro ni zaidi ya 150, imetawanyika kwenye vilima vinavyotazama Bonde la Ufa, na mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikuja kuinakili mwanzoni mwa miaka ya 1950. Andikisheni majina ofisini, lipeni kiingilio, mpewe mtu wa kuwaongoza, kwa sababu bila mwenyeji hamtaiona njia.

Nakuomba jambo moja kwa ajili ya watoto. Mtoto akisimama mbele ya mwamba ule kwa mara ya kwanza, haoni kitu ila madoa ya rangi ya udongo mwekundu. Msimharakishe. Macho yakishazoea, doa moja linageuka kuwa shingo ya twiga, jingine kuwa mnyama pofu, yule swala mkubwa mwenye nundu, na ile mistari myembamba aliyodhani ni nyufa inakuwa watu warefu wenye viwiliwili kama fito na vichwa vikubwa vya mviringo. Mahali pengine ataona michoro meupe, minene zaidi, iliyochorwa juu ya ile myekundu. Hiyo ni ya baadaye, na wataalamu huihusisha na wakulima waliokuja baada ya wawindaji. Waambieni mapema wasiguse na wasimwagie maji mwamba ili rangi ing'ae, maana hivyo ndivyo michoro inavyoharibika. Vilevile pale Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba hiyo yenye michoro, watu bado wanafanya matambiko ya kuomba mvua na kuponya wagonjwa, kwa hiyo mnaingia mahali pa ibada ya wenyewe, nanyi mpaheshimu.

Kuhusu mama: njia ya kutoka ofisini hadi chini ya kilima ni ya vumbi na mawe, na gari dogo litapata shida, hivyo ulizeni kwanza kama kuna gari la juu la kukodi. Kupanda kwenyewe ni kwa miguu na kuna mwinuko mkali. Mama abaki chini kivulini na mmoja wenu.

Bwana Shamba Mstaafu

Naunga mkono, na ninaongeza kituo ambacho hakihitaji kupanda mlima, nacho ni ardhi yenyewe ya Irangi, yaani nchi ya Warangi huko Kondoa. Watoto wakiona makorongo marefu ya udongo mwekundu na mito mipana ya mchanga mkavu, waelezeni kwamba sehemu hii ilikuwa imeharibika kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Lilikuwa jambo zito sana kwa wafugaji, na hadi leo wazee wanalizungumza kwa uchungu. Hata hivyo miti na nyasi zilirudi, na baadaye wananchi wakajifunza kufugia ng'ombe wa maziwa zizini. Hapo mama mkwe anaweza kuwa mwalimu kuliko sisi sote: mwombeni awasimulie wajukuu mashamba ya kwao yalivyokuwa alipokuwa binti, huku wakitazama korongo kwa macho yao.

Mnyaturu

Mimi nina maoni tofauti. Kwa kuwa mama hawezi kupanda, fikirieni kupitia Manyoni na Singida, ijapokuwa mtazunguka sana. Singida mjini kuna maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yaliyozungukwa na mawe makubwa ya matale yaliyopangana kana kwamba yamebebwa na mikono, na heroe (flamingo) wakiwapo utawaona bila kuingia mbuga yoyote. Kuku wetu wa kienyeji nadhani hahitaji kutangazwa. Kesho yake mnapita Katesh chini ya Mlima Hanang, ambako maporomoko ya tope ya Desemba 2023 yaliua watu wengi. Waonyesheni watoto mlima na mwaeleze kwa upole kilichotokea.

Mama Wawili, Dodoma

Nawashukuru sana. Mume wangu anavutwa na Singida, lakini binti yetu amekwisha kuamua kuhusu Kolo. Je, tukilala Kondoa tutawahi?

Mrangi wa Kondoa

Mtawahi vizuri. Ondokeni Dodoma baada ya chai ya asubuhi, fikeni Kondoa mchana, mama apumzike. Kolo mwende kesho yake alfajiri kabla jua halijawa kali, na mbebe masweta, maana mwezi wa sita upepo wa vilimani ni baridi. Mkitoka hapo, Babati si mbali, na pale kuna ziwa lenye viboko pembeni kabisa mwa mji. Mama ataweza kukaa ufukweni na kuangalia, ila watoto wasisogee majini hata kidogo.