Hedifoni nne za bei kwenye meza moja: tuzilinganishe vipi kwa haki?

MwanaTudor
Salaam wadau. Jumamosi tunakutana hapa Tudor, Mombasa, kila mwenye hedifoni ya maana aje nayo. Mpaka sasa mezani ni Sennheiser HD 650 na HD 800 S, Audeze LCD-X na HIFIMAN Susvara. Amplifaya ni moja, ina tundu la 6.35 mm na la XLR la pini nne. Muziki unatoka kwenye laptopu kupitia DAC, kile kifaa kinachogeuza data ya kidijitali kuwa mawimbi ya sauti ya umeme. Kwenye vikao hivi kila mara LCD-X hushinda na Susvara huambiwa imepooza. Nashuku tatizo ni mpangilio. Tuanzie wapi?

FundiWaya
Anza na volyumu, yakhe. Mtu akisikilizishwa sauti mbili, ile iliyo juu kidogo ataiita "safi zaidi", na hatajua kwa nini. Ukizipa zote volti 1, HD 800 S inatoa desibeli 102, HD 650 inatoa 103, Susvara kama 95, LCD-X kama 120. Yaani ukichomoa Susvara ukachomeka LCD-X bila kugusa kitufe cha volyumu, umepanda desibeli 25. Hapo hakuna kulinganisha, kuna kuumizana masikio tu.

Ili kusawazisha volyumu, tafuta kipande cha plaiwudi kipana kuliko mto wa hedifoni, toboa katikati tundu la kutosha maiki, uipenyeze kutoka chini isitokeze juu, kisha uzibe ukingo wa tundu kwa plastasini. Laza upande mmoja wa hedifoni juu yake na ucheze mvumo wa majaribio uliochujwa ukabaki kati ya hezi 500 na 2000. Chini ya hapo kipimo kinayumba kwa jinsi mto ulivyokaa. Juu ya hapo ubao hauna umbo la sikio, utakudanganya. Maiki ya bei rahisi yatosha, maana unatafuta tofauti tu. Zote zilete kwenye desibeli 75, zisipishane zaidi ya nusu desibeli, halafu weka alama ya kila hedifoni kando ya kitufe.

LCD-X itakulazimisha ushushe kitufe karibu na sifuri, na huko vitufe vingi havilingani kushoto na kulia. Weka amplifaya kwenye nguvu ya chini (low gain), au punguza desibeli 15 kwenye laptopu. Susvara ni kinyume chake: vilele vya desibeli 110 vinataka takriban volti 5.5, yaani nusu wati kwenye omu 60. LCD-X hapo hapo inataka miliwati 5. Amplifaya ikiishiwa pumzi, Susvara ndiyo inayoonekana "imepooza".

Kizingo_Bass
Naongeza: msichanganye matundu. Kwenye amplifaya nyingi XLR hutoa volti maradufu ya 6.35, hiyo ni desibeli 6 za bure, na ndiyo siri ya wengi wanaoapa kwamba XLR "imefungua muziki". Halafu adapta ya kutoka tundu la XLR kwenda plagi ya kawaida ya 6.35 isionekane mezani kabisa. Inaunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, na amplifaya inaweza kuungua. Kinyume chake, hedifoni ya XLR kwenye tundu la 6.35 kwa adapta, haina neno.

BintiMvita
Mmesahau kichwa chenyewe. Miwani, kofia na hijabu huacha upenyo chini ya mto, na hedifoni za planari (zenye kiwambo bapa kinachosukumwa na sumaku) kama LCD-X hupoteza besi papo hapo. Mwenye hijabu aivute nyuma ya sikio, na pini aitoe kabla: sumaku za planari zina nguvu, zitaivuta, na kiwambo ni chembamba mno.

Pia zote nne ziko wazi nyuma. Kelele inaingia na muziki unatoka, kwa hiyo wasikilizaji wakae mbali na wenzao na pangaboi lizimwe wakati mtu anasikiliza. Kwa joto letu mito italowa jasho. Ipanguseni kwa kitambaa kikavu, na msifungie kwenye boksi mpaka ikauke.

MwanaTudor
Ahsanteni. Na muziki je? Wazee wanataka taarab za zamani. Halafu kuna mvumo mdogo laptopu ikiwa kwenye chaji.

FundiWaya
Mvumo ni waya wa ardhi (earth) wa chaja kugongana na ule wa amplifaya. Chomoa chaja, tumia betri.

Taarab iliyonakiliwa kutoka kaseti itakuonyesha sauti ya mwimbaji, basi. Kule juu ni mchakacho wa utepe, na HD 800 S itaonekana kali bila kosa lake. Tafuta rekodi mpya yenye ala za kanuni na fidla, kata sekunde 30, irudierudie. Mfuatano wa hedifoni ubadilike kwa kila msikilizaji, na kila mtu aandike maoni yake kabla ya yeyote kufungua mdomo.