Mlioshonwa mlango wa kizazi mkiwa wajawazito, tupeane uzoefu

Mama Subira: Habari zenu wapendwa. Nina wiki 13, na Alhamisi naingia thieta kushonwa mlango wa kizazi. Hii mimba ya tatu, mbili za kwanza zimetoka, moja wiki ya 20 nyingine ya 22, zote bila uchungu wa maana, nashtukia tu maji yanashuka. Safari hii daktari kasema tusisubiri mpaka ianze kufunguka. Mume ananipa moyo ila usiku silali. Mliopitia niambieni, ile sindano ya mgongo ikoje, mlilala mpaka mwisho au mliendelea na shughuli, na uzi wenyewe unatolewaje? Msinifiche.

Kibibi wa Mbagala: Pole mpenzi. Nimeshonwa mara mbili na wote wako hapa sebuleni wanagombania rimoti. Utapita inshallah.

Shangazi Zu: Umenikumbusha mbali sana we mdada. Mimi ilikuwa wiki ya 21, Jumapili, nafua. Toka asubuhi kiuno kinavuta kama siku zangu zinakaribia na ute unatoka mwingi kuliko kawaida, nikamwambia dada yangu akasema mimba ndo zilivyo, nikaendelea kufua. Jioni nikahisi haja kubwa, nimechuchumaa tu kitu kikateremka, nikapeleka mkono nikakuta laini kimejaa maji kama puto, kumbe chupa imeshatokeza. Nikabana miguu nikaita watu. Kufika hospitali nesi akapima, sentimita 5, akamgeukia mwenzie akasema hapa hakuna kitu, mimba changa. Hakuna kitu! Alitoka saa 8 usiku, wa kiume, ana kucha, ana nyusi. Alipumua kidogo akanyamaza. Nikamkunja kwenye khanga niliyoendea nayo, asubuhi baba yake akaja kumchukua wakaenda kuzika mimi nimebaki kusafishwa. Siku ya pili niko wadini, kitanda cha jirani mtoto analia kunyonya na mimi maziwa yanalowesha gauni. Jamani. Mpaka leo sikio langu linasikia ile "hakuna kitu".

Mimba iliyofuata nikapata daktari aliyekaa akanisikiliza toka mwanzo mpaka mwisho, akauliza uchungu ulianza lini, nikamwambia sikuuona uchungu, akaweka kalamu chini akasema basi mlango ndio unalegea. Nikashonwa wiki ya 14. Sasa hivi yuko darasa la tatu. Kwa hiyo Mama Subira nenda, na ute ukibadilika usimsikilize mtu anayekwambia mimba ndo zilivyo.

Dada wa Tandika: Shangazi nimelia hapa kazini

Mkwe wa Muheza: Poleni. Lakini kwetu hilo linajulikana, ni chango. Kuna bibi anakanda na kutoa mizizi ya kujiweka, mimba inakaa bila kisu. Hospitali wameshaona ni biashara, kila mtu siku hizi anashonwa.

Nesi Mstaafu: Mkwe naomba uache, kwa heshima. Nimefanya kazi leba miaka mingi. Aliyeshonwa akijiweka mizizi ukeni anajipelekea maambukizi pale pale penye uzi, yakipanda kwenye chupa tunampoteza mtoto na mama naye anakuwa hatarini. Na hii si biashara ya juzi. Daktari Shirodkar wa Bombay aliandika njia yake 1955, McDonald wa Australia akaleta iliyo rahisi zaidi 1957, ndiyo inayotumika sana. Uzi unazungushwa kwenye shingo ya kizazi, ndio huo mlango, halafu unakazwa kama kamba ya kaptula. Wala hashonwi kila mtu. Anashonwa aliyepoteza mimba hivi mara kadhaa, au aliyewahi kupoteza halafu altrasaundi ikaonyesha shingo imepungua chini ya milimita 25, au aliyekutwa imeshaanza kufunguka bila uchungu. Ukiwa unatoka damu, chupa imepasuka au uchungu umeanza, hatushoni.

Mkwe wa Muheza: Bibi zetu walizaa kumi kumi bila nyuzi.

Shangazi Zu: Na waliozika watano uliwahesabu wewe?

Baba Naima: Tusigombane kwenye mada ya mgonjwa. Mama Subira, naongea kama mume. Wife alishonwa wiki ya 13, sindano ya mgongo alisema inauma kama ya kawaida, miguu ikafa ganzi kama masaa matatu hivi. Kesho yake tumerudi nyumbani. Vidamu kidogo siku mbili vikaisha. Kitandani tuliambiwa tuvumilie, mimi nikahamia kochi kabisa maana najijua 😅 Maji nilichota mimi mpaka alipojifungua.

Fatma wa Kisauni: Niko Mombasa. Mimi nililala miezi mitano, mume akaweka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni niinuke. Hata choo ni ndoo. Mtoto alifika wiki ya 38 alhamdulillah. Lala dadangu, usidanganyike.

Mama Lishe: Mimi wiki ya pili nilisharudi genge, sikunyanyua sufuria tu, nilimwachia binti. Nimezaa kwa njia ya kawaida.

Nesi Mstaafu: Fatma nimefurahi mtoto alifika, ila siku hizi hatumlazi kila mtu. Kulala muda wote damu inaganda miguuni, hiyo nayo inaua. Pumzika, usibebe mizigo, tembea tembea. Labda daktari wako akikwambia vingine kwa sababu yako.

Mama Neema wa Kimara: Ngoja niwape ya kwangu. Disemba, wiki ya 35, uzi bado umo, nimepangiwa kutolewa mwaka mpya ukianza. Mume akasema twende Moshi tukale Krismasi na bibi. Tumeshapita Mombo, nimekaa siti ya dirishani, nikasikia "tap" ndani kwa ndani, maji yakajaa siti mpaka kwenye viatu vya jirani. Wamama kwenye basi wakavua khanga wakanizungushia, konda akapiga bodi dereva akakata kona kwenye kituo cha afya cha kwanza tulichokiona. Kadi ya kliniki iko kwenye begi, begi liko kwenye buti chini ya mizigo yote. Umeme hakuna. Binti wa zamu akanipima chap akasema mama sukuma, nikapiga kelele SISUKUMI NIMESHONWA, KATA UZI! Hakuwahi kuuona, akabaki ananiangalia. Nikawa nahema kwa mdomo kama mbwa, uchungu unakuja juu ya uchungu, najua nikisukuma nachanika. Mganga wa kituo akaletwa na bodaboda kutoka kwake, ana ndala, mtu kashika tochi ya simu, akavuta fundo kwa koleo akakata chini yake, ukatoka uzi mweupe mpana kama kamba ya kiatu. Haijapita nusu saa Neema yuko nje, kilo 2.2, analia kuliko mimi.

Dada wa Tandika: Weee!! Na basi lilisubiri?

Mama Neema wa Kimara: Lilisubiri mpaka mtoto alie. Konda mwenyewe ndiye aliyeleta begi, na abiria wakachanga hela ya pampasi.

Kibibi wa Mbagala: Huyo konda Mungu ampe maisha marefu

Mchumi: Lakini dada wiki 35 na uzi, safari ya Moshi? Huo ni uzembe.

Mama Neema wa Kimara: Mchumi hujabeba mimba, kaa pembeni. Nilijilaumu vya kutosha.

Baba Naima: Mpaka leo mtoto hajapewa jina la konda? 😂

Mwajuma M: Mimi nina mapacha wiki 16, na mimi nikashonwe?

Nesi Mstaafu: Mwajuma, mapacha peke yake si sababu ya kushonwa. Muulize daktari wako akupime shingo. Na wote mliosoma ya Mama Neema: kadi ya kliniki mkononi, si kwenye buti. Mkifika popote neno la kwanza ni "nimeshonwa". Chupa ikipasuka au uchungu ukianza, wiki yoyote, nenda hapo hapo ukaonwe. Bila shida uzi unatolewa wiki ya 36 au 37, mara nyingi bila ganzi, dakika chache.

Mama Subira: Turudi kwangu jamani, inauma kutolewa?

Shangazi Zu: Inabana kidogo. Vuta pumzi.

Mama Lishe: Mimi nilisikia kabisa. Lakini mfupi.

Mama Subira: Wapendwa, nimetoka thieta saa 5. Daktari alianza na altrasaundi, moyo unapiga, ndipo akashona. Nimemwomba anionyeshe uzi kabla, kweli mweupe kama wa Mama Neema. Miguu bado haijaamka. Mume amekaa hapa, ameandika NIMESHONWA kwa kalamu nyekundu juu ya kadi yangu, herufi kubwa, mbele na nyuma.