Mjadala: Kwa nini shahada yetu ya ualimu haitoshi kufundisha shule ya kimataifa iliyopo hapa hapa nchini?

Mwanzisha mada, mwalimu wa Kemia, Arusha

Habari zenu walimu. Naomba tulijadili hili kwa uwazi, maana limenikaa moyoni mwaka wa tano sasa.

Nilisoma shahada ya sayansi na elimu miaka mitatu, nikafanya BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) mbili, ya kwanza Singida, ya pili Rombo, kisha nikafundisha Kemia na Baiolojia sekondari ya kata miaka sita. Darasa dogo kuliko yote niliyowahi kupewa lilikuwa na wanafunzi 54. Baadaye nikapata kazi shule moja ya kimataifa hapa Arusha, ila si kama mwalimu. Mkataba wangu unasema "mwalimu msaidizi, maabara". Kila nilipoomba nafasi ya mwalimu kamili jibu lilikuwa moja: leta PGCE au QTS.

Kwa wasiozijua: PGCE ni cheti cha ualimu kinachotolewa na vyuo vikuu vya Uingereza kwa mtu ambaye tayari ana shahada. QTS ni hadhi ya mwalimu aliyehitimu, inatolewa na serikali ya kule kwa ajili ya shule za England. Watu wengi wanazichanganya. Unaweza kuwa na PGCE na bado huna QTS.

Nawapa picha ya wiki tatu tu. Mwaka jana mwezi wa pili mwalimu wa Kemia wa IGCSE, ule mtihani wa sekondari wa mtaala wa Uingereza, aliugua, vipindi vyake nikapewa mimi. Siku ya titresheni, zoezi la kupima kemikali kwa kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine, nikakuta watoto wanafungua bureti (lile bomba jembamba la kioo lenye namba na koki) kwa mikono yote miwili, macho kwenye namba, chupa haina mtu wa kuiangalia. Nikawaelekeza kama nilivyokuwa nikielekeza kule kata, ambako tulikuwa na bureti nne kwa darasa zima: mkono wa kushoto unazunguka bomba na kushika koki, wa kulia unazungusha chupa, karatasi nyeupe chini yake, na rangi ikianza kusita unashusha tone moja moja. Kuna binti alirudia mara nne mpaka vipimo vyake vikakubaliana. Mwalimu alipopona alirudi darasani kwake, nami nikarudi kwenye meza ya kuandaa vifaa. Ni mtu mwema na anafundisha vizuri, sina neno naye kabisa. Neno langu ni juu ya kipimo kinachotumika kuamua nani ni mwalimu.

Msimamo wangu ni huu. Shule inayofundisha ndani ya Tanzania iitambue shahada ya ualimu ya Tanzania kuwa sifa kamili ya kuombea kazi. Ikiona kuna pengo la mtaala, imsomeshe mwalimu wake kwa gharama yake na impime akiwa darasani. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri anayeleta mgeni awe na mpango wa urithishaji, yaani mzawa aandaliwe kuishika ile nafasi. Sasa mzawa ataandaliwaje kama sharti la kuishika ni cheti cha England?

Na hata ukikitaka, mlango una kufuli. Februari 2023 Uingereza ilipanua utaratibu wa kuwapa QTS walimu waliosomea nje bila kuanza upya. Zikaongezwa Ghana, Nigeria, Zimbabwe, Afrika Kusini, India, Jamaika, Singapore, Hong Kong na Ukraine. Tanzania haikuwemo. Kenya haikuwemo. Uganda pia. Mwalimu wa sayansi mwenye miaka sita ya kazi Accra aliweza kutuma vyeti vyake akapimwa. Wa Arusha hakuwa na pa kuvituma.

Karibuni. Anayenipinga anipinge kwa hoja, nipo kusikiliza.

Mwalimu wa Hisabati, Nairobi

Dada, pole kwa hayo. Nakuunga mkono kwa uchungu lakini si kwa hoja yote.

Mimi nina B.Ed, yaani shahada ya ualimu, na namba ya TSC, tume inayosajili walimu Kenya, na huku kwetu sheria haimruhusu mtu kufundisha bila namba hiyo, iwe shule ya serikali au ya binafsi. Nilikaa shule ya mtaala wa Uingereza miaka mitatu nikilipwa kama msaidizi. Nikaamua kuchukua mkopo kwa sacco, nikajiandikisha PGCE ya kimataifa kwa njia ya mtandao. Niliisoma usiku, watoto wakishalala, kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Nitasema ukweli, ile kozi ilinibadilisha. Nilikuwa mwalimu wa ubao. Naandika mfano, wanakopi, nawapa maswali kumi, nasahihisha. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kurekodi somo langu na kuhesabu ni dakika ngapi nimesema mimi na ngapi wamesema wanafunzi. Katika dakika 40 nilikuwa nimesema 33. Nililitazama hilo somo peke yangu nikaona aibu. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha hivyo chuoni, wala mkaguzi aliyeketi nyuma ya darasa langu akitazama azimio la kazi na andalio la somo kisha akaondoka.

Kwa hivyo tusiseme ni karatasi tupu. Lakini wanaotaka kufuata njia yangu wajue mambo mawili kabla ya kulipa. PGCE nyingi za kimataifa ni krediti 60 na hazina mazoezi ya kufundisha yanayopimwa. Na peke yake haikupi QTS. Mimi niligundua la pili nikiwa nimeshalipa awamu mbili. Ulizeni kwa maandishi, mjibiwe kwa maandishi.

Mkuu wa idara, Dar es Salaam

Naandika kama mtu anayesoma maombi ya kazi. Siisemei shule yangu.

Nafasi moja ya Fizikia inaweza kuleta maombi zaidi ya mia. Mimi pia nina vipindi vya kufundisha, kwa hiyo ninatafuta kitu cha kuchujia. QTS inanipa uhakika mmoja: anayesomea ualimu England hukaa shuleni siku zisizopungua 120, katika shule mbili tofauti, akiangaliwa na mwalimu mlezi. Nikisoma "BTP" kwenye wasifu wa Mtanzania sijui kilichotokea. Kuna niliowahoji walioangaliwa mara sita na kuandikiwa maoni kila mara. Kuna waliofikiwa na msimamizi mara moja, dakika kumi na tano, akasaini kitabu akawahi basi. Shahada ni ileile, alama zinafanana. Mwalimu wa Arusha, unataka nijue kwa njia gani wewe uko kundi lipi?

Halafu wapo wazazi. Mzazi anayelipa ada kwa dola anauliza mwalimu wa mwanangu amesomea wapi, na mashirika yanayotupa ithibati yanataka kuona sifa za kila mwalimu. Sisemi ni haki. Ninaeleza tu presha inatoka wapi.

Kwenye mishahara, ambayo mwalimu wa Nairobi ameigusa, niko upande wenu kuliko mnavyodhani. Kuwa na ngazi mbili za malipo kwa kazi moja, ya aliyeajiriwa kutoka nje na ya aliyeajiriwa hapa, ndiyo inayofanya mjadala huu uwe mchungu hivi.

Mwalimu wa Kiswahili, Moshi

Wenzangu, kuna jambo hamjaligusa, nami ndilo ninaloliishi.

Nafundisha Kiswahili katika IB, mtaala mmojawapo wa kimataifa, mwaka wa nane, pamoja na kile cha wanaoanza kabisa. Sina PGCE. Sina QTS. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kwa nini? Kwa sababu mwenye QTS anayeweza kufundisha Kiswahili ni wa kutafutwa kwa tochi. Shule ilinihitaji, ikanichukua na shahada yangu ya hapa, ikanilipia warsha za IB, mkuu wa idara akakaa darasani kwangu kila wiki muhula mzima wa kwanza. Muhula wa tatu nilikuwa nasahihisha insha kwa vigezo vya IB bila kuuliza mtu.

Kwa hiyo utaratibu anaoutaka mwalimu wa Arusha upo tayari, na unatumika kwenye shule hizihizi, ghorofa hiyohiyo, milango miwili kutoka maabara. IB yenyewe haidai PGCE. Inachodai ni shule iwapeleke walimu wake kwenye mafunzo yake. Linalowezekana kwa Kiswahili linashindikanaje kwa Kemia? Naomba mkuu wa idara anijibu hili, kwa heshima zote.

Mwalimu wa Baiolojia, Muscat

Assalaam aleikum. Mie natokea Unguja, nipo Oman mwaka wa nne.

Nataka niwaambie wanaofikiri kuondoka ndiyo dawa. Huku shahada yangu ilikubalika, ndiyo, lakini baada ya safari ya mihuri: chuo, wizara, Mambo ya Nje, kisha ubalozi. Nilikwenda Dar mara tatu. Mara moja nilirudishwa kwa sababu jina langu la tatu kwenye cheti cha kidato cha nne lina herufi moja zaidi kuliko kwenye pasipoti. Wenye nia ya kutoka, sawazisheni majina yenu sasa hivi, kabla hamjapata kazi. Na transkripti ombeni nakala zaidi ya moja.

Mwajiri wangu wa pili akataka leseni ya nje. Nikasoma ile ya Kimarekani ya Moreland University, miezi tisa kwa mtandao, unapata leseni ya Washington, D.C. Mimi nilifanya mazoezi katika shule niliyokuwa nikifundisha. Leseni hiyo imenipandisha daraja, sikatai. Lakini mamangu yupo Mwanakwerekwe, ningependa kufundisha karibu naye, na nikirudi leo najua nitaulizwa cheti cha Kimarekani kabla ya kuulizwa miaka yangu kumi na moja darasani. Hilo linaniuma.

Mzazi, Dar es Salaam

Mimi si mwalimu. Wanangu wawili wako shule ya kimataifa, na kusema kweli na mimi nilikuwa nauliza walimu wamesoma wapi. Baada ya kusoma hapa nimejiuliza mwalimu bora wa mwanangu mpaka sasa ni nani. Ni mwalimu msaidizi wa darasa la tatu, mama wa Kitanga, ndiye aliyegundua kuwa mtoto haoni vizuri ubaoni. Sijawahi kujua amesomea nini. Kwenye kikao cha wazazi kijacho nitauliza wasaidizi wangapi wamepandishwa kuwa walimu kamili.

Mkuu wa idara, Dar es Salaam

Mwalimu wa Moshi, umeniuliza kwa heshima, nami nitakujibu hivyohivyo. Sina jibu zuri. Kwa Kiswahili tulilazimika kufundisha mtu, tukamfundisha. Kwa Kemia hatukulazimika, tukanunua aliyeiva kutoka nje. Kumwandaa mtu kunahitaji mtu wa kukaa darasani kwake muhula mzima, na huyo naye ana vipindi. Ni gharama, lakini ndogo kuliko tiketi za ndege, nyumba na kibali cha kila miaka miwili.

Ningependa shule zikubaliane kwenye kitu kimoja tu, kipindi cha mfano. Mwombaji yeyote mwenye shahada ya ualimu inayotambulika hapa aitwe, afundishe dakika 40 mbele ya watu wawili, kisha aulizwe kwa nini alifanya alivyofanya. Cheti cha nje kiwe nyongeza.

Mwanzisha mada, mwalimu wa Kemia, Arusha

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Asanteni sana.

Kaka wa Nairobi, zile dakika 33 zimenigusa. Jana nimejirekodi nikiwaelekeza wanafunzi wanne wa marudio. Katika dakika 20 nimesema 14. Kwa hiyo sibishi tena kwamba kozi haina cha kutufundisha. Ninachobisha bado ni nani alipie, na kwa nini isiwe hapa. Vyuo vyetu vina stashahada ya uzamili ya elimu, Chuo Kikuu Huria kikiwemo. Kama tatizo ni wasimamizi wa BTP wanaosaini na kuwahi basi, basi tupiganie hapo: idadi ya siku iandikwe, idadi ya mara alizoangaliwa iandikwe, na maoni ya msimamizi yaambatane na transkripti. Mkuu wa idara ametuambia wazi hicho ndicho anachokosa akisoma wasifu wetu. Karatasi yetu inyamaze vipi kwenye jambo ambalo tumelifanya kweli?

Na tuna Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu ya mwaka 2018. Walimu wengi tuliijadili kwa upande wa ada na adhabu, na nilikuwa mmojawapo. Sikumbuki tukiuliza kama chombo hicho kitakaa mezani na Uingereza kuuliza Ghana na Nigeria zilikidhi nini ambacho sisi hatujakidhi. Mwenye njia ya kulifikisha swali hilo, chama au mtu binafsi, anijulishe hapa, nitasaidia kuliandika.

Kwa upande wangu, Jumatatu napeleka barua kwa mkuu wa shule. Siombi cheo. Naomba kipindi cha mfano, titresheni, kidato chochote watakachochagua, na mtu yeyote watakayetaka akae nyuma. Ninaandika pia kuomba kuonyeshwa mpango wa urithishaji wa nafasi ya Kemia.

Je, kuna mwalimu humu aliyewahi kuonyeshwa mpango wa urithishaji wenye jina lake ndani yake? Ulikuwa na nini, na uliishia wapi?