Gumzo la kikundi: HINA YA ZUHURA 🌿 IJUMAA

JUMANNE

[19:04] Shangazi Mwanaisha: Assalamu alaykum wanangu na ndugu zangu. Leo tumejaribu muziki kwa Hemedi, haufai. Laptopu imechemka kama pasi ya mkaa, feni inavuma mpaka jirani kauliza tunasaga nini, na wimbo unakatikakatika. Hina ni Ijumaa. Nani anajua dawa yake?

[19:41] Shangazi Mwanaisha: Jamani

[20:15] Shangazi Mwanaisha: Watu 31 humu. Ubani nikiulizia mnajibu wote, muziki kimya

[20:17] Ba'mdogo Rajabu: Kama inachemka hivyo mpeni bi harusi anyooshee kanga 😂

[20:17] Muna Maskati: 😂😂😂

[20:18] Ba'mdogo Rajabu: Na mkaa ulivyopanda bei, si haba

[20:20] Shangazi Mwanaisha: Rajabu, leo sitaki mzaha. Kassim uko wapi? Wewe ndiye uliyesomea haya mambo

[20:52] Kassim: Shikamoo shangazi. Ndiyo natoka kazini. Hemedi upo? Fungua ile programu ya muziki, piga wimbo, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Niambie prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iko asilimia ngapi

[20:53] Shangazi Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Hemedi!!

[21:10] Hemedi: Nimekuja. Jumla 94. Programu ya muziki peke yake 61

[21:11] Hemedi: Halafu imejiandika mistari 6. Naona imefunguka mara 6, nifunge 5?

[21:12] Kassim: Usifunge. Hiyo ni kawaida. Programu nyingi za muziki za kwenye kompyuta zimebeba kivinjari kizima ndani yake, Chromium, kama unafungua tovuti. Mstari mmoja wa sauti, mwingine wa picha, mwingine wa ukurasa. Kinachonitisha ni hiyo 61

[21:13] Kassim: Kupiga wimbo si kazi kwa prosesa. Simu ya kibatani inapiga siku nzima mfukoni. Kuna kitu kingine kinakula. Shusha dirisha lake chini kabisa lisionekane, wimbo uendelee. Namba inasemaje?

[21:16] Hemedi: Weee

[21:16] Hemedi: 61 imeshuka mpaka 9

[21:17] Kassim: Basi si muziki huo. Ni kuchora. Zile picha za kava, video zinazojirudia nyuma ya wimbo, maneno yanayotembea, vyote anachora prosesa mwenyewe wakati ni kazi ya kadi ya picha

[21:18] Ba'mdogo Rajabu: Mchoraji tunaye tayari, mama wa piko kutoka Makorora 😂 alipwe mara mbili

[21:18] Muna Maskati: 🤣 Zuhura usisahau kututumia picha za piko

[21:19] Mama Tatu: Piko siku hizi bei gani kwani

[21:19] Muna Maskati: Huku Maskati wanachora mpaka begani

[21:24] Shangazi Mwanaisha: Tuacheni piko! Kassim endelea

[21:26] Kassim: Hemedi, mwanga wa skrini ukiupunguza unapungua?

[21:27] Hemedi: Haupungui! Tangu fundi aipige Windows upya mwezi uliopita haupungui, na maandishi yamevimba. Nikadhani skrini inakufa

[21:28] Kassim: Haifi. Bonyeza kulia alama ya Windows, ingia Device Manager, fungua sehemu ya Display. Umeona jina gani?

[21:33] Hemedi: Microsoft Basic Display Adapter

[21:34] Kassim: Ndiyo huyo. Fundi kaweka Windows akaondoka bila kuweka draiva ya kadi ya picha, yaani programu ya kuiendesha hiyo kadi. Hilo jina ni la muda tu, la kukuwezesha kuona skrini. Kadi ipo lakini hakuna anayeijua, kazi yake yote inamwangukia prosesa. Prosesa inachemka, ikizidi inajipunguzia kasi yenyewe isiungue, na hapo sauti ndipo inapokatika

[21:35] Shangazi Mwanaisha: Sikuelewa yote ila nimeelewa fundi hakumaliza kazi. Hemedi ulimlipa?

[21:36] Hemedi: Nilimlipa shangazi

[21:37] Kassim: Geuza laptopu, soma namba ya modeli kwenye stika ya chini. Ingia tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, chukua draiva ya picha ya modeli hiyo hiyo. Usichukue kwenye tovuti za ovyo ovyo zinazokuambia zitakuwekea draiva zote, hizo zinaingiza uchafu. Inaweza kufika MB mia kadhaa, andaa bando

[21:38] Hemedi: Bando limebaki MB 200

[21:39] Shangazi Mwanaisha: Nakurushia sasa hivi. Sitaki yale ya Korogwe mimi. Bi harusi kasimama mlangoni na mashada yake, muziki umekufa, watu wanatazamana. Niliona aibu ambayo sijaisahau

[21:58] Hemedi: Shangazi nakuheshimu. Ila kila sherehe ya familia hii ikifika naambiwa ya Korogwe. Korogwe laptopu ilikuwa nzima. Jenereta ndiyo ilizima kwa kukosa mafuta, na aliyepewa hela ya mafuta yumo humu

[21:58] Hemedi: Spika za shangazi nazo zilibaki huko huko mpaka leo, anayejua ziko kwa nani anajua

[22:31] Mama Tatu: Usiku mwema wapendwa 🙏


JUMATANO

[06:12] Shangazi Mwanaisha: Sabalkheri. Bando limeingia Hemedi? Kassim amka

[06:40] Ba'mdogo Rajabu: Mimi naona tunajisumbua. Hamisha nyimbo kwenye flashi, chomeka kwenye spika, kwisha

[07:55] Kassim: Ba'mdogo shikamoo. Nyimbo ulizopakua ndani ya programu hizi zimefungwa kwa kufuli, zinafunguka ndani ya programu hiyo hiyo tu. Kwenye flashi spika haitazisoma

[07:56] Ba'mdogo Rajabu: Marahaba. Sasa nalipia kila mwezi kitu nisichoweza kukibeba mfukoni?

[07:58] Kassim: Unalipia kusikiliza, ba'mdogo. Ila kupakua kunafaa sana Ijumaa, tusitegemee mtandao. Orodha ina nyimbo ngapi?

[08:20] Hemedi: 3,812

[08:21] Kassim: 😳 Nayo inachangia uzito. Kila ukishuka kwenye orodha inaita picha za nyimbo zote hizo. Tengeneza orodha mpya ya Ijumaa tu. Saa 6 ni kama nyimbo 90 za dakika nne nne

[08:24] Shangazi Mwanaisha: Dakika nne ni za kwenu. Taarab ya watu wazima wimbo mmoja dakika 12. Nyimbo 30 zinatufikisha alfajiri

[08:25] Kassim: Sawa kabisa shangazi, 30. Saa 6 kwa ubora wa juu, kilobiti 320 kwa sekunde, ni kama MB 860. Ukishuka mpaka 160 ni kama MB 430. Kwa spika za uani tofauti huisikii, chukueni 160 tubakize bando la draiva

[08:31] Muna Maskati: Na mimi nina nyimbo zangu 5 naomba ziingie

[08:31] Mama Tatu: Zangu 2

[08:33] Mama Tatu: Kuna na ile waliyonichezea mimi siku yangu, Hemedi anaijua

[09:02] Shangazi Mwanaisha: Kila mtu aniandikie pembeni. HAPA TUNATENGENEZA LAPTOPU

[12:47] Hemedi: Draiva imefika asilimia 63 umeme ukakatika. Laptopu chaji 18. Nasubiri

[12:48] Kassim: Usianze kuiweka bila chaja. Ikizimika katikati utarudi ulipokuwa au pabaya zaidi. Wakati unasubiri, geuza laptopu utazame tundu za chini. Kuna vumbi?

[12:55] Hemedi: Kama zulia

[12:56] Kassim: Basi chukua brashi laini ya rangi, mpya. Zima kabisa, piga taratibu kwenye tundu. Usipulize kwa mdomo, mate yanaingia. Na Ijumaa isiwekwe juu ya mto wala kanga, wala usiifunike na kitambaa cha meza. Iwe juu ya ubao, tundu za chini zipate hewa

[13:01] Shangazi Mwanaisha: Mimi ndiye niliyeiweka juu ya mto jana, niliogopa isikwaruzike

[16:20] Salma: Assalamu alaykum. Bibi kasomewa jumbe zote tangu jana. Kaniambia niandike neno kwa neno, nisiongeze nisipunguze

[16:24] Salma: «Mwanaisha mwanangu, nakushukuru kwa unavyohangaika, Mungu akulipe. Lakini mtoto wa watu amebeba lawama ya Korogwe miaka mitatu na siyo yake. Mimi nilikuwepo. Nilikaa karibu na hiyo jenereta, nikaona nani aliulizwa mafuta na nani aliangalia chini. Nilinyamaza nikidhani mtayamaliza wenyewe. Rajabu, wewe ndiye mwanangu wa mwisho na nakupenda. Ijumaa nitakaa kwenye jamvi, na Hemedi atakaa pembeni yangu na kompyuta yake. Nikute umeshasema naye. Na vitu vya dada yako virudi»

[16:24] Salma: Kamaliza hapo. Kaenda kutawadha

[17:09] Ba'mdogo Rajabu: Nimesikia mama

[17:31] Shangazi Mwanaisha: Hemedi baba, nisamehe. Nimekuwa nikilirudia jambo bila kuliuliza

[17:33] Hemedi: Yameisha shangazi. Umeme umerudi

[19:48] Hemedi: Draiva imeingia. Skrini ilizimika sekunde chache nikashika moyo, ikarudi. Maandishi yamekuwa madogo, mwanga unapungua

[19:49] Kassim: Alhamdulillahi. Washa upya, fungua muziki, dirisha liwe wazi

[19:57] Hemedi: 14!!! Kutoka 61

[19:57] Muna Maskati: 👏👏👏

[19:58] Mama Tatu: Mashaallah

[19:58] Shangazi Mwanaisha: Mungu akubariki Kassim na akili zako

[20:03] Kassim: Bado kidogo. Ingia mipangilio ya programu, kuna swichi ya kuikabidhi kadi ya picha kazi ya kuchora. Hakikisha imewashwa. Zile video za nyuma ya wimbo zizime, hakuna atakayeziangalia. Jumla inasoma ngapi?

[20:05] Hemedi: 52

[20:06] Kassim: 14 ni muziki. 38 nyingine ni nani? Bonyeza neno CPU juu, ndiyo prosesa, wakubwa watajipanga

[20:10] Hemedi: Antimalware Service Executable 24

[20:11] Kassim: Hiyo ni Windows inakagua virusi, iache imalize leo usiku. Ila masasisho ya Windows yasimamishe wiki moja. Isije ikaanza kujisasisha saa nne za usiku watu wako katikati ya kucheza


ALHAMISI

[07:15] Shangazi Mwanaisha: Sabalkheri. Tupange ya mwisho. Laptopu: Hemedi. Ekstensheni ndefu: ? Akiba laptopu ikigoma: ? Spika: ?

[07:16] Shangazi Mwanaisha: Spika ???

[09:30] Kassim: Akiba iwe simu. Salma apakue orodha ile ile kwenye simu yake, kisha aweke hali ya ndege ili isiite katikati ya wimbo. Mtafute waya wa kuiunganisha na miksa, ile mashine ya sauti ya spika, mujaribu leo, msisubiri kesho

[11:05] Mama Tatu: Ekstensheni ninayo ila fupi, ya mita 3

[11:06] Shangazi Mwanaisha: Haifiki uani

[13:40] Hemedi: Leo imepiga saa mbili mfululizo, haijakata. Feni bado inasikika lakini si kama kinu. Sehemu ya kushoto ina moto kidogo

[13:44] Kassim: Moto kidogo sawa. Ile asilimia ya muziki ikipanda 60 tena niite saa yoyote. Na usifungue video pembeni wakati inapiga

[15:52] Ba'mdogo Rajabu: Nipo njiani kwenda Korogwe. Hemedi naomba unipigie

[15:53] Shangazi Mwanaisha: Unafuata spika?

[16:30] Shangazi Mwanaisha: Rajabu?

[18:11] Hemedi: Tumeongea shangazi. Spika moja ipo. Ya pili nitakueleza nikija

[18:12] Shangazi Mwanaisha: Nieleze hapa hapa

[18:40] Shangazi Mwanaisha: Spika moja kwa ua mzima haitoshi. Nani ana spika Ngamiani au Chumbageni? Nitaitunza mwenyewe na kuirudisha Jumapili asubuhi kwa mkono wangu

[20:22] Muna Maskati: Nyimbo zangu 5 zimeingia?

[20:49] Salma: Jamani ndiyo nafungua simu. Nipakue orodha ipi, ile ya 30 au ya 3,812? Maana nimeanza hii kubwa tangu saa kumi na simu imechemka