Safari za siku moja kutoka Tanga mjini: twende wapi, na kwa mpangilio gani?

Mgeni kutoka Mwanza

Ndugu zangu, habari za leo. Mwishoni mwa Juni, watoto wakiwa likizo, tunatarajia kufika Tanga kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, na shughuli ikishakwisha tutabaki na siku chache za kutembea kabla ya kurejea nyumbani. Tutafikia kwa ndugu Raskazone. Mama yangu mzazi atakuwa pamoja nasi, na kwa kuwa magoti yanamsumbua, ningependa kila jioni turudi kulala palepale badala ya kuhamahama na mizigo. Watoto wangu wawili wako darasa la sita na kidato cha pili. Mkubwa anapenda sana historia, na mdogo haoni kingine isipokuwa bahari.

Kwa kuuliza huku na huku nimekusanya majina haya: Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, mji wa Pangani, kisiwa cha Maziwe, msitu wa Amani na Lushoto. Naomba mnisaidie kujua ni yapi kati ya hayo yanayowezekana kweli kwa kwenda na kurudi siku moja bila kumchosha mzee, na kama inafaa kuunganisha mawili kwa siku, kwa mfano Amboni asubuhi na Pangani mchana. Gari hatuna, tunaweza kukodi kwa baadhi ya siku, si kwa zote.

Mkazi wa Raskazone

Karibuni sana Tanga, na hongereni kwa harusi.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msipange siku kwa kuhesabu vivutio, bali kwa kuangalia barabara. Kutoka mjini kuna njia tatu zinazowahusu. Ya kaskazini inaelekea Horohoro na mpaka wa Kenya, na huko ndiko Amboni iliko. Ya kusini inapita Machui na Tongoni mpaka Pangani. Ya magharibi ni barabara kuu ya kwenda Muheza na Segera, ambayo ndiyo ya Amani na ya Lushoto. Siku moja ipeni njia moja. Amboni asubuhi na Pangani mchana ni jambo linalowezekana kwenye karatasi, lakini mtavuka mji mara mbili, mtafika Pangani jua likiwa kali na watoto wakiwa na njaa, na mtaanza kuangalia saa kabla hamjaona kitu.

Lushoto iondoeni kabisa katika orodha. Ni zaidi ya kilomita 150 kwa kupitia Segera, Korogwe na Mombo, na kutoka Mombo kwenda juu ni kona tupu kwa kilomita zaidi ya 30. Mji huo unastahili kulala, tena si usiku mmoja. Kumpeleka mama mwenye magoti mabaya na kumrudisha siku ileile ni kumwonea.

Amboni ni kinyume chake: iko kilomita 8 tu kutoka mjini, na nusu siku inatosha. Mapango yenyewe ni ya mawe ya chokaa yaliyochimbwa na maji kwa muda mrefu mno, na ingawa yako kadhaa, wageni huingizwa katika moja tu, wakiwa na mwongozaji mwenye kurunzi. Chukueni na kurunzi zenu, kwa sababu moja ya mwongozaji haiwatoshi watu watano waliopangana mstari mmoja gizani. Kuna mahali pa kuinama, na pengine pa kupenya ubavu kwa ubavu. Kuna popo wengi, na sakafu inateleza. Ndani mtaonyeshwa chumba cha mzimu ambako watu mpaka leo huja kutambika na kuacha sadaka zao. Waambieni watoto mapema wasiguse chochote hapo. Mtasikia pia kwamba pango linatokea Mombasa au Kilimanjaro. Ni hadithi ya kupendeza na waongozaji wanaisimulia vizuri, ila upimaji wa mwaka 1994 ulikuta kwamba pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Mama asiingie. Nje kuna miti na kivuli, na mtu mmoja akibaki naye kwa mazungumzo hatahisi kwamba ameachwa.

Tongoni mnaweza kusimama kwa nusu saa mkiwa njiani kwenda Pangani.

Mwalimu wa Historia

Nakubaliana na ndugu yangu wa Raskazone kuhusu njia tatu, lakini siwezi kunyamaza kuhusu hiyo nusu saa ya Tongoni, hasa kwa kijana wa kidato cha pili anayependa historia.

Tongoni iko karibu kilomita 20 kusini ya mji, pembeni kidogo ya barabara ya Pangani. Kuna msikiti uliobaki kuta, na makaburi zaidi ya 40 ya mawe ya matumbawe na chokaa, mengi kuliko mahali pengine popote pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Baadhi yake yalijengwa na nguzo ndefu. Nyingi zimeanguka, na kaburi lililoangukiwa na nguzo yake lina mengi ya kumfundisha mtoto kuliko lililosimama, kwa maana pale kwenye mvunjiko unaona jinsi mafundi walivyopanga mawe na kuyashika kwa chokaa, na jinsi lipu laini ya juu ilivyofunika mawe ya ndani yenye kukwaruza. Mwambieni kijana atafute pia vishimo vya mviringo kwenye nguzo na kuta za makaburi. Humo ndimo zilimopachikwa bakuli na sahani za kaure zilizofika kwa biashara ya bahari, na karibu zote zilikwisha kung'olewa zamani. Akiviona vishimo hivyo na kujiuliza mji huu ulikuwa ukifanya biashara na nani, amekwisha kuanza kusoma historia kwa macho yake mwenyewe.

Pwani hiyohiyo ndiyo iliyowakwamisha Wareno. Mwaka 1498 merikebu São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipanda kwenye fungu karibu na hapo, ikanasuka maji yalipojaa, na mwaka uliofuata, wakirudi kutoka India na mabaharia wao wengi wamekufa, waliichoma moto katika mwambao huohuo kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Saa moja na nusu ndiyo kipimo changu kwa Tongoni, tena asubuhi kabla jua halijawa kali. Ardhi ni tambarare, kwa hiyo mama anaweza kutembea taratibu pamoja nanyi.

Kabla ya Tongoni mtapita Machui, na jirani yake ni Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na aliko kaburi lake. Mkiulizia kwa adabu, wenyeji watawaelekeza.

Kisha Pangani, takriban kilomita 50 kutoka Tanga. Barabara imekuwa katika ujenzi wa lami, hivyo ulizeni kwanza hali ya michepuko siku mtakayokwenda. Hapo ndipo upinzani wa Bushiri bin Salim dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ulipoanza kuwaka mwaka 1888, na hapohapo alinyongwa Desemba 1889. Watu wengi hufika, wakapiga picha ya boma na kuondoka. Mimi ningetembea kwanza mtaa wa zamani wenye nyumba za Wahindi na milango ya nakshi, mpaka kwenye kivuko cha kwenda Bweni, nikasimama kuutazama mto. Maji yale yanatoka Kilimanjaro na Meru, na ukiona upana wa mto unapoingia baharini utaelewa kwa nini mji ulijengwa mahali pale na kwa nini kila mtawala aliutaka.

Binti Pangani

Shikamoo mwalimu. Na wewe mgeni wetu kutoka Mwanza, karibu kwetu.

Naomba niseme kuhusu Maziwe, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi wanapopoteza fedha zao. Maziwe si kisiwa chenye miti na kivuli. Kilikuwa na miti zamani, mivinje mirefu ambayo wazee wetu wanaikumbuka, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha kuondoka yote, na sasa ni fungu la mchanga mweupe ambalo maji yakijaa sana hulifunika. Kasa bado wanapanda kutaga pale, na mayai yao huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame. Kuzunguka fungu lile kuna matumbawe ambayo mtoto apendaye bahari hatayasahau. Ni hifadhi, kwa hiyo kuna ada ya kulipa kabla ya kwenda. Hakikisheni mnapewa risiti.

Kwa hiyo safari ya Maziwe haipangwi kwa kalenda ya ukutani. Inapangwa kwa mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Hizo ndizo siku zenu. Mnaondoka Tanga saa kumi na mbili alfajiri, mnafika Pangani kabla ya saa mbili, mnapanda boti, na chini ya saa moja hivi mko kwenye mchanga huku maji bado yanatoka. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hupwa alfajiri na jioni, na saa mnayoitaka nyinyi ndiyo saa yanapojaa.

Jambo la pili ni upepo. Mwishoni mwa Juni ni msimu wa kusi, na kusi hukaza kadiri jua linavyopanda. Asubuhi bahari huwa na utulivu kiasi, lakini kurudi mchana mtarushwa na kulowana. Mama asiende. Na nahodha akisema leo haiendeki, msimbembeleze, wala msitafute mwingine atakayekubali.

Dereva wa Muheza

Naongeza kuhusu Amani, kwa kuwa njia hiyo ndiyo kazi yangu.

Inawezekana kwa siku moja, lakini kwa gari la kukodi tu. Tanga hadi Muheza ni lami na haizidi saa moja. Kutoka Muheza kwenda juu ni barabara ya udongo na mawe, takriban kilomita 30, na hiyo ndiyo inayokula muda. Magari ya abiria ya milimani kwa desturi hushuka asubuhi na kupanda mchana, kwa kufuata watu wanaokuja sokoni, hivyo ukiyategemea utalala huko upende usipende. Kodini gari lililo juu kidogo, na dereva aliyewahi kupanda mlima huo. Masika yakiwa yamekwisha karibuni, barabara hubaki na makorongo, na msitu ule hupata mvua hata miezi ambayo Tanga mjini ni kukavu.

Mkifika lango la Zigi mtakuta nyumba ya zamani ya msimamizi wa stesheni, kwa sababu Wajerumani walifikisha reli mpaka hapo. Juu zaidi ndipo kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa na taasisi yao ya utafiti mwaka 1902, yenye miti kutoka sehemu nyingi za dunia, na mashamba ya chai pembeni. Muulizeni mwongozaji awaonyeshe dugwi la Usambara, ua dogo la zambarau ambalo watu wa Ulaya wanalipanda kwenye vyungu madirishani, na ambalo asili yake ni misitu yetu hii. Mama anaweza kufurahia bustani kwa kutembea polepole, kwa kuwa si lazima kupanda popote. Mchukulieni sweta. Saa tisa alasiri muwe mmeanza kushuka. Ukungu ukiingia na giza likikaribia, sitamshauri dereva yeyote aharakishe kwenye kona zile.

Mgeni kutoka Mwanza

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati, na shikamoo kwa mwalimu. Lushoto nimeifuta. Nimeamua hivi: siku ya kwanza baada ya harusi, watu wakiwa bado wamechoka, tutakwenda Amboni asubuhi kwa bajaji na kurudi kupumzika. Siku ya pili tutakodi gari kwenda Machui, Tongoni na Pangani, wote pamoja na mama. Amani itafuata. Maziwe nitaiamua baada ya kuuangalia mwezi. Swali langu la mwisho ni kwa Binti Pangani: ikiwa siku zetu zitaangukia maji mafu, au upepo ukikataa, kuna jambo gani la majini ambalo mwanangu mdogo wa darasa la sita anaweza kufanya asiondoke na huzuni? Na je, mama anaweza kushiriki?

Binti Pangani

Lipo, na mimi nalipenda kuliko hata Maziwe: kupanda mto Pangani kwa boti wakati wa alasiri. Mtoni hakuna mawimbi ya kusi, na mnapita kati ya mikoko, halafu minazi pande zote mbili, mkiwaona wavuvi wakirudi na ndege wakitafuta pa kulala. Mama atakaa kwenye ubao wa katikati bila taabu, ila kupanda na kushuka ndiko kwenye kazi, kwa hiyo mwambieni nahodha mapema kwamba mna mzee, alete boti kwenye ngazi au gatini, asiwapandishie kwenye matope.

Kubalianeni bei ya boti nzima na si ya kila kichwa, na mtaje pamoja saa za kukaa mtoni. Kabla hamjatoka nchi kavu, yaoneni kwa macho maboya ya kuvaa, na mumvalishe mtoto lake muone kama linamkaa, kwa sababu mara nyingi yaliyomo ni ya watu wazima tu; kama hakuna lake, nahodha aliazime kwa mwenzake kwanza. Hata hivyo msiikatie tamaa Maziwe. Harusi ikishapangiwa tarehe, niandikie hapa tarehe hiyo, nami nitawaangalizia bamvua inaangukia siku zipi.