Naomba ushauri: vitamini B2, jua na asidi

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha kemia sekondari hapa Dar. Wanafunzi wangu wanataka kuona asidi inavyobadilisha kazi ya mwanga kwenye molekuli zenye pete za atomi, zikiwemo za nitrojeni. Tumechagua riboflavini, yaani vitamini B2: ina pete tatu zilizoungana, na vidonge vyake vinapatikana duka la dawa.

Juzi saa sita mchana tulianika chupa mbili za kioo juu ya paa, zote zina riboflavini, moja ina siki (asidi), nyingine magadi (besi). Ya magadi ilianza kupoteza unjano kwanza. Watoto walishangilia!

Ninavyojua, kwenye besi mwanga huvunja riboflavini na kuzalisha zaidi molekuli iitwayo lumiflavini. Kwenye asidi au maji yasiyo asidi wala besi, zaidi hutokea nyingine, lumikromu. Tatizo, magadi huharibu riboflavini hata gizani. Je, chupa ya tatu yenye magadi, iliyofungwa foili, inatosha kulinganishia?

Pia nina taa ya kukagulia noti bandia. Lumikromu hung'aa bluu, lakini lumiflavini na riboflavini iliyobaki zote hung'aa kijani-njano. Nizitofautisheje? Aliyewahi kufanya hili anisaidie, tunarudia Ijumaa.